Mlango Usio na Kibao: Historia ya Vikao vya Walioacha Pombe

Kila baada ya miaka michache nchi zetu hutangaza vita dhidi ya pombe. Tanzania iliharamisha gongo kwa Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, na tarehe 1 Machi 2017 ikapiga marufuku pombe ya viroba. Kenya iliharamisha chang'aa mwaka 1980, ikairuhusu kwa masharti mwaka 2010 kwa sheria ambayo wananchi waliipachika jina la mbunge aliyeisimamia, Mututho. Kisha Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako, na mapipa yakamwagwa mbele ya kamera za televisheni. Sipingi sheria hizi zote. Kiroba kilichouzwa kwa bei ya soda kiliwadhuru vijana wengi, na aliyekiondoa sokoni alifanya jambo la maana. Hata hivyo, katika mijadala hii husahaulika mtu mmoja: yule asiyehitaji kukatazwa na yeyote, kwa kuwa amekwisha kujikataza mwenyewe mara ishirini na kushindwa mara ishirini. Swali la mtu huyo si la kisheria. Anauliza jambo dogo na la haraka: leo jioni niende wapi?

Jibu ambalo limedumu kuliko mengi ni kikao cha watu waliokuwa walevi kama yeye. Makala haya yanahusu historia ya kikao hicho, na hasa namna watu walivyokitafuta na kukifikia, kwa sababu hapo ndipo penye ugumu wake. Ili mtu athubutu kuingia, kikao sharti kiwe na siri. Ili akipate, sharti kijulikane. Walioanzisha vikao hivi walihangaika na mgongano huo kwa miaka mingi, na suluhisho walilolifikia linatuhusu sisi ambao hatuwezi kuanzisha jambo bila muhuri, bendera na mgeni rasmi.

Jaribio la kwanza kubwa lilianzia baa. Aprili 1840, katika jiji la Baltimore nchini Marekani, wanaume sita waliokuwa wakinywa pamoja katika baa ya Chase waliwatuma baadhi yao, nusu kwa mzaha, wakamsikilize mhubiri aliyekuwa akipinga pombe. Waliporudi ukazuka ubishi, na ubishi ule ukaishia mahali ambapo hakuna aliyepatarajia: wote sita waliapa kutokunywa tena, wakaunda chama na kukipa jina la rais wa kwanza wa nchi yao, George Washington. Miongoni mwao walikuwamo fundi cherehani, seremala na mhunzi. Hapakuwa na mchungaji wala daktari. Katika vikao vyao hotuba ziliwekwa kando. Kila mmoja alisimulia yaliyompata yeye mwenyewe, kisha akatakiwa kumtafuta mlevi mwingine na kuja naye.

Jambo hilo lilienea kama moto wa nyasi. Ndani ya miaka michache walioweka saini kiapo walihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Tarehe 22 Februari 1842 wakili kijana wa Springfield, Abraham Lincoln, alialikwa kuzungumza mbele ya tawi la mji wake, na hotuba yake inafaa kusomwa hadi leo na kila mwenye cheo cha kusimamia maadili ya wenzake. Lincoln alisema wapinga pombe wa zamani walishindwa kwa sababu walimjia mlevi kwa hukumu na laana, ilhali waliokuwa walevi walimjia kama ndugu. Aliongeza hoja iliyowaudhi wengi: wale ambao hawakuwahi kuwa watumwa wa pombe waliokolewa zaidi na kutokuwa na hamu yake kuliko na ubora wowote wa akili au moyo wao.

Muongo ule haukwisha kabla chama hakijasambaratika karibu kila mahali. Wanahistoria hutaja sababu kadhaa, nami naona zinaingiliana. Chama kilipokea kila mtu, hata wasiowahi kulewa, na hao ndio wenye muda wa kugombea uongozi. Wasemaji wake hodari wakawa nyota wa majukwaa, na mmoja wao alipoanguka, aliangukia mbele ya taifa zima. Kiliingizwa katika mabishano ya siasa na dini kuhusu iwapo pombe ipigwe marufuku kisheria. Zaidi ya yote, mtu aliweka saini mbele ya umati, akapigiwa makofi, kisha akaachwa arudi nyumbani peke yake na kiu yake.

Baada ya hapo uongozi wa harakati ulikwenda kwa waliotaka sheria. Jimbo la Maine lilipiga marufuku pombe mwaka 1851. Taifa zima likafuata tarehe 17 Januari 1920, na marufuku hiyo ikafutwa tarehe 5 Desemba 1933. Habari za miaka hiyo kumi na mitatu, pamoja na majambazi wake, zimeandikwa vya kutosha. Ninachotaka msomaji akumbuke ni mfuatano wa tarehe: sheria ilipokwisha kushindwa, haikuchukua hata miaka miwili kabla ya jibu jingine kuzaliwa, tena katika mji wa viwanda vya matairi ambao hakuna aliyeufikiria.

Mwaka 1934 dalali wa hisa wa New York, Bill Wilson, alikuwa amefika mwisho. Soko la hisa lilianguka mwaka 1929, lakini yeye alikuwa ameanza kuanguka kabla yake. Novemba mwaka ule alitembelewa na rafiki yake wa shule, Ebby Thacher, mlevi mwenzake wa zamani, ambaye safari hii alikataa glasi aliyomiminiwa. Thacher alikuwa amejiunga na Kundi la Oxford, harakati ya Kikristo iliyoanzishwa na mchungaji Mlutheri, Frank Buchman, iliyowataka watu wakiri makosa yao kwa wenzao, warekebishe waliyoyaharibu na wawasaidie wengine bila malipo. Mwezi uliofuata Wilson alilazwa kwa mara ya mwisho katika hospitali ya Towns, chini ya Dkt. William Silkworth, aliyekuwa akifundisha kwamba ulevi ni maradhi. Hakunywa tena hadi alipofariki mwaka 1971.

Alipotoka hospitalini alianza kuwahubiria walevi wa New York. Kwa miezi kadhaa hakumsaidia hata mmoja kuacha. Silkworth alimshauri aache mahubiri, aanze na ukweli wa kitabibu na mambo aliyoyapitia yeye mwenyewe. Alikuwa bado na ushauri huo kichwani alipokwenda Akron, jimbo la Ohio, katika mvutano wa kugombea umiliki wa kampuni. Mvutano ule aliushindwa. Jumamosi ya tarehe 11 Mei 1935 alikuwa amesimama katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli ya Mayflower akiwa na dola chache mfukoni, na upande wa pili wa ukumbi palikuwa na baa iliyojaa vicheko. Karibu yake palikuwa na simu, na ukutani orodha ya makanisa ya mji.

Naomba tutulie hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo utafutaji wa vikao ulipoanzia. Wilson hakuwa akitafuta daktari wala wa kumwombea. Alikuwa ametambua kwamba yale mazungumzo yake na walevi wa New York, yasiyomwokoa yeyote, yalikuwa yamemweka yeye mwenyewe mbali na chupa. Alihitaji mlevi mwingine wa kuzungumza naye. Akachagua jina katika orodha, Kasisi Walter Tunks, akampigia na kumweleza waziwazi shida yake. Kasisi alimpa majina kadhaa; jina moja likaleta jingine, hadi akampata Henrietta Seiberling, mkaza mwana wa mwanzilishi wa kampuni ya matairi ya Goodyear. Mama huyu hakuwa mlevi, ila alikuwa mtu wa Kundi la Oxford na alimfahamu daktari mmoja wa upasuaji aliyekuwa akiangamia kwa pombe.

Daktari huyo, Bob Smith, hakuweza kuja siku ile. Alikuwa amemletea mkewe Anne ua la Siku ya Akina Mama, kisha akalala chakari. Alikuja kesho yake saa kumi na moja jioni, mikono ikitetemeka, akisema atakaa robo saa tu. Aliondoka baada ya saa tano usiku. Baadaye Smith alieleza kwamba yale aliyoyasikia kuhusu ugonjwa na imani hayakuwa mapya kwake, kwa kuwa alikuwa amesoma mengi. Jipya lilikuwa msemaji. Kwa mara ya kwanza alizungumza na mtu aliyeujua ulevi kwa kuuishi, na mtu huyo hakuwa amekuja kumfundisha. Alikuja kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa hatarini.

Hadithi hii husimuliwa mara nyingi kana kwamba usiku mmoja ulimaliza kazi. Haikuwa hivyo. Wiki chache baadaye Smith alisafiri kwenda mkutano wa madaktari huko Atlantic City na kulewa tangu mwanzo wa safari. Aliporudi alikuwa na mgonjwa wa kumpasua, na asubuhi ya upasuaji Wilson alimpa chupa moja ya bia ili mikono itulie. Wanywaji wetu huita jambo hilo kuzimua. Ile ndiyo bia yake ya mwisho, na tarehe 10 Juni 1935 ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotaja majina yao, ambao nitawaita AA. Bia ile ina jambo la kuwaambia hata wanaharakati wa leo. Mwili uliozoea pombe nyingi kwa miaka ukinyimwa ghafla unaweza kupata degedege na hata kufa, na kikao si mbadala wa hospitali. Waanzilishi walilijua hilo. Agosti 1939 Dkt. Smith na mtawa Mkatoliki, Sista Ignatia, walianza kuwalaza walevi katika hospitali ya Mtakatifu Thomas ya Akron, na mgonjwa wa kwanza aliandikishwa kuwa ana uvimbe mkali wa tumbo, kwa sababu hospitali za wakati ule hazikupenda kumpa mlevi kitanda.

Kwa miaka minne ya kwanza kikao kilipatikana kwa njia moja tu: kumjua mtu anayemjua mtu. Walikutana sebuleni kwa watu, wakiwa bado ndani ya Kundi la Oxford. Aprili 1939 walichapisha kitabu walichokiita kwa jina lao, nacho kilikuwa na anwani ya sanduku la posta New York ambako msomaji angeweza kuandika. Mwezi uliofuata wanachama wa Cleveland, wakiongozwa na muuza magari Clarence Snyder, walijitenga na Kundi la Oxford, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba Wakatoliki miongoni mwao walikatazwa na kanisa lao kushiriki ibada ya Kiprotestanti. Wakaanza kikao cha kwanza kutumia jina la AA hadharani. Oktoba mwaka huohuo gazeti la Cleveland Plain Dealer lilichapisha mfululizo wa makala kuwahusu, na simu zikaanza kulia. Watu walioacha pombe wiki chache tu zilizopita walijikuta wakitumwa kwenda kuwasaidia wengine, kwa kuwa hapakuwa na wazoefu wa kutosha.

Mlango ulifunguka kabisa tarehe 1 Machi 1941, makala ya mwandishi Jack Alexander ilipotoka katika jarida la Saturday Evening Post. Mwanzoni mwa mwaka ule wanachama walikadiriwa kuwa 2,000. Mwishoni walikuwa 8,000. Barua zilimiminika New York kwa maelfu, na ofisi ndogo ikawa inazijibu moja baada ya nyingine. Ambako hapakuwa na kikao, majina ya walioandika yalikabidhiwa kwa wanachama waliokuwa mawakala wa biashara wasafirio, wanaume wenye masanduku ya sampuli za bidhaa, nao wakifika katika mji walimtafuta aliyeandika. Miji mingi ya Marekani ilipata kikao chake cha kwanza hivyo: mgeni mmoja, mwenyeji mmoja, na birika la kahawa.

Mwezi Februari 1940 lilitokea jambo ambalo mimi huona ndilo muhimu kuliko yote, ingawa wakati ule liliwakatisha tamaa. Tajiri John D. Rockefeller Mdogo aliandaa chakula cha usiku kwa ajili yao katika klabu ya Union jijini New York, akawaalika mabepari wa mji. Yeye mwenyewe aliugua, akawakilishwa na mwanawe Nelson. Wanachama waliketi wakingoja hundi. Nelson aliwasifu, kisha akawaambia waheshimiwa wale kwamba kazi hii ni ya mtu kumsaidia mwenzake kwa nia njema, na kwa hiyo haihitaji fedha. Wageni wakaondoka na mabilioni yao. Rockefeller alikuwa ametoa awali dola 5,000 za kuwasaidia waanzilishi wawili waliokuwa na madeni, lakini aliamini kwamba fedha nyingi zingeliharibu jambo lenyewe.

Walichukua muda kukubali kwamba alikuwa na haki. Barua zilizofika ofisini zilijaa ugomvi wa vikundi: nani awe mwenyekiti, nani afukuzwe, nani katumia jina la AA kuuza dawa, nani amejitangaza redioni kisha akaonekana mtaroni. Kutokana na barua hizo Wilson aliandika kanuni kumi na mbili, zikachapwa mwaka 1946 na kupitishwa na mkutano wa kwanza wa kimataifa huko Cleveland Julai 1950, miezi minne kabla ya kifo cha Dkt. Smith. Msomaji wa sayansi ya siasa atazishangaa. Sharti la uanachama ni moja, nia ya kuacha kunywa. Kikundi hujitegemea kwa michango ya wanachama na hukataa fedha za nje. Hakimiliki majengo, hakiungi mkono chama cha siasa, wala hakitoi maoni kuhusu jambo lolote la nje, hata kuhusu sheria za pombe. Viongozi wake ni watumishi wa zamu, hawatawali. Na mbele ya vyombo vya habari mwanachama hataji jina lake kamili. Waliyokubaliana kutoyafanya ndiyo yaleyale yaliyowaua Wawashington, ingawa wengi wao walisikia habari za chama kile kwa kuchelewa. Wilson mwenyewe aliikataa shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1954.

Kutotaja jina mara nyingi hueleweka kama kuficha aibu, na mwanzoni ilikuwa hivyo. Baadaye likawa jambo pana zaidi: asiye na jina hawezi kuwa nyota, na anayejua kwamba hatatajwa huingia. Kiswahili kina neno la kale linalokaribia maana hiyo, nalo ni sitara. Kumsitiri mtu si kumdanganyia; ni kumpa kifuniko hadi apate nguvu za kusimama. Pwani, ambako mnywaji Mwislamu hubeba pamoja na pombe uzito wa kujua kuwa anavunja amri ya dini yake, na ambako dini hiyohiyo humhimiza asizianike dhambi zake, nadhani kikao kilichofungwa, cha wenye msiba mmoja tu, kingeeleweka haraka kuliko mkutano wa hadhara wenye vipaza sauti. Na tukiwa katika maneno: uraibu, tunaoutumia sasa kwa maana ya utumwa wa kileo au dawa, zamani ulikuwa ni tambuu na vikolezo vyake, kitu cha kumkaribishia mgeni. Lugha imejua muda mrefu kwamba mambo haya huanza kwa ukarimu.

Isidhaniwe kwamba historia hii ni ya malaika. Mwanzoni wanaume wa Akron walisitasita kumpokea mwanamke, kana kwamba mwanamke mlevi ni aina nyingine ya kiumbe. Marty Mann, aliyeingia New York mwaka 1939, alilazimika kuthibitisha kinyume chake kwa maisha yake. Wake za walevi waliopika kahawa na kungoja nje hatimaye walianzisha vikao vyao, Al-Anon, mwaka 1951, chini ya Lois Wilson. Watu Weusi wa Washington walianza kikundi chao wenyewe mwaka 1945, katika nchi ambayo hata maradhi yalitengwa kwa rangi. Lugha ya Mungu iliyojaa katika zile hatua kumi na mbili imewafukuza baadhi ya watu, ingawa maandishi yenyewe humruhusu kila mtu kumwelewa Mungu kwa namna yake. Mwaka 1975 Jean Kirkpatrick alianzisha njia tofauti kwa ajili ya wanawake, akidai kwamba mwanamke aliyekwisha kunyenyekezwa vya kutosha hahitaji kuambiwa ajinyenyekeze zaidi. Na tangu mwaka 1994 kuna SMART Recovery, isiyotumia dini kabisa. Naziona hoja hizo kuwa na uzito. Ila ni vizuri kutambua kwamba nao, wakiisha kumwondoa Mungu au kubadilisha hatua, walibakiza kikao.

Je, vinasaidia? Kwa miongo mingi wataalamu walibishana, kwa kuwa kikao kisicho na daftari la mahudhurio hakipimiki kirahisi. Mwaka 2020 tathmini ya Cochrane, iliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565, ilionyesha kwamba tiba zilizopangwa kwa utaratibu wa kumwingiza mgonjwa katika AA zilifanya vizuri kuliko tiba nyingine zinazotambulika katika kuwafanya watu wakae bila kunywa kabisa, na kwa matokeo mengine hazikuwa nyuma. Si dawa ya kila mtu. Lakini ni vigumu kutaja huduma nyingine ya afya isiyotoza senti na yenye matokeo ya namna hiyo.

Sasa turudi kwetu. Nairobi na Dar es Salaam zina vikao vya AA, ingawa lugha yake mara nyingi imekuwa Kiingereza, na hivyo mlango huwa mwembamba kwa mama muuza pombe ya kienyeji au dereva wa bodaboda. Zanzibar, na baadaye Bara, vijana walioacha heroini wameanzisha nyumba za upataji nafuu, maarufu kama soba hausi, zinazofuata hatua hizohizo kumi na mbili. Humo anayepita katika arosto huuguzwa na mtu aliyewahi kuipita. Ni jambo la kutafakari kwamba kwetu wazo hili limepata mizizi kwa waathirika wa unga, waliokataliwa na kila mtu, kabla ya kuwafikia wanywaji wa kawaida, ambao ni wengi mno kuliko wao na wanaheshimika zaidi.

Wala hatuwezi kusema kusaidiana ni jambo geni. Watu wanaozikana, wanaocheza upatu, wanaokusanyika katika vikoba na vyama, hawahitaji kufundishwa na Ohio kwamba mzigo hubebwa na wengi. Kigeni ni kile kipengele cha kutoandikisha. Vikundi vyetu vina katiba, mweka hazina, fulana za sare na picha ya pamoja na mkuu wa wilaya. Ndiyo maana hunijia hofu kila ninaposikia pendekezo kwamba kila kata iunde kamati ya walioacha pombe. Orodha ya majina ikishafika katika ofisi ya mtendaji, mwalimu mkuu anayekunywa kwa siri hatakanyaga hapo, na nesi anayeogopa barua ya kujieleza hatakanyaga pia.

Mtumishi wa umma anayetaka kusaidia anaweza kufanya machache yenye manufaa makubwa. Atoe chumba jioni moja kwa wiki, katika zahanati au shule, kwa kodi ndogo itakayolipwa na kikundi chenyewe ili kisiwe na deni la fadhila. Daktari anayemruhusu mgonjwa kutoka Mirembe au Mathari amwambie siku, saa na mahali kikao kilipo, na kama mgonjwa anaridhia, amkutanishe na mtu wa kumsindikiza mara ya kwanza, kwa kuwa ngazi ya mwisho kabla ya mlango ni ndefu kuliko safari nzima. Mwajiri akubali kwamba saa ile moja haiulizwi. Na wenye taaluma ya lugha tuzungumze Kiswahili kinachoingia chumbani humo. Kiswahili cha semina hakitafika.

Kwa anayetaka kwenda, nieleze kinachomngoja. Viti, chai, watu kumi au watatu. Vikao vingine viko wazi kwa yeyote, vingine ni vya wenye tatizo tu, ulizia kabla. Hutaulizwa jina la ukoo wala kazi yako. Watu watasimulia kwa zamu na hakuna atakayemkatiza au kumrekebisha mwenzake. Unaweza kunyamaza hadi mwisho. Kikapu kikipita, mgeni halazimiki kutoa. Kikao cha kwanza kisipokupendeza, jaribu kingine, kwa kuwa vikundi havifanani. Kama mji wako hauna hata kimoja, tangu mwaka 2020 vingi vinafanyika kwa njia ya intaneti, na mtu aliyeko Songea anaweza kuketi na walioko Nairobi akiwa na simu na bando dogo.

Au kifanyike kama kilivyofanyika Akron. Mwezi Juni 1935 walikuwa wawili, nao hawakungoja wa tatu aone tangazo. Dkt. Smith alipiga simu katika hospitali ya mji akauliza kama kuna mlevi wodini. Muuguzi alijibu kwamba yupo mmoja, mwanasheria, ambaye ndiyo kwanza amewapiga wauguzi wawili na sasa amefungwa kitandani. Daktari akaomba ahamishiwe chumba cha peke yake, kisha yeye na Wilson wakaenda kuketi kando ya kitanda na kumsimulia habari zao. Bill Dotson alitoka hospitalini tarehe 4 Julai 1935. Alifariki mwaka 1954 bila kunywa tena.